Timu ya tatu ya kriketi Kampala: nimelipia msimu mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Timu ya tatu naipa nyota nne kati ya tano. Klabu yenyewe naipa mbili. Najua si desturi kuigawa huduma moja namna hii, lakini nililipa ada moja nikahudumiwa na watu wa aina mbili, na nikizichanganya nyota zao nitamdhulumu mmoja na kumpa mwingine sifa asizozitolea jasho.

Jina la klabu siliweki. Wanaocheza kriketi hapa watakisia, tena wengi watakisia klabu yao wenyewe. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu tulioletwa Kampala na kazi, watu wa Mombasa, Tanga, Dar na hata Bukavu, ambao Jumapili ukishafua na kupiga simu nyumbani siku bado iko palepale. Mimi nashughulika na malori ya mizigo yanayopanda kutoka bandarini. Kriketi niliianza utotoni Mombasa, tukiwachungulia wakubwa kwenye uwanja wa Mombasa Sports Club, kisha tukarudi kucheza wenyewe uchochoroni kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme. Nikikutana na watu kwenye harusi au baada ya sala ya Ijumaa swali huwa lilelile: mtu wa miaka arobaini na kitu, kitambi kimeshaanza kumtangulia mlangoni, atapokewa? Atapokewa. Ila asome kwanza.

Pesa. Ada ya mwaka ni shilingi 300,000 za Uganda, na wanakubali ulipe kwa mafungu mawili. Kila mechi unaongeza 15,000, ndani yake mna mpira mpya, chai, sambusa na mwamuzi akipatikana. Jezi na suruali ni 90,000 nyingine. Viatu, glavu na kile kikombe cha kukinga sehemu za siri ni juu yako, na hicho cha mwisho usiazime wala usiazimishe hata ukiombwa kwa upole. Gongo zuri la mti wa Uingereza ni ghali mno hapa. Watu hungoja jamaa anayetoka Meerut au Jalandhar kule India, au Sialkot kule Pakistan, ambako ndiko vinakotengenezwa vifaa hivi, awabebee kwenye begi lake. Kwa timu ya tatu gongo la mti wa Kashmir linatosha kabisa. Mipira tunayoipiga katikati ya gongo ni michache, mti wenyewe hauna habari umetoka wapi.

Sasa, unanunua nini kwa pesa hizo? Hapa ndipo wengi hawaulizi. Kriketi ni mchezo ambao mtu anaweza kucheza kutwa nzima asicheze. Timu ina watu 11, lakini wanaopiga ni wawili wawili, na mmoja haingii mpaka mwenzake atolewe. Ukiwekwa namba tisa na wa mbele wakafanya vizuri, gongo utaliona kwenye begi. Warushaji wa mpira nao hutumika watano au sita, basi. Waliobaki kazi yao ni kusimama juani wakiufukuza mpira mpakani na kuurudisha. Kwa hiyo unaweza kulipa 15,000, ukaamka alfajiri, ukaenda hadi Jinja, ukasimama saa mbili na nusu kwenye nyasi, ukarudi nyumbani huna hata mpira mmoja uliougusa kwa gongo. Timu nyingi za chini nilizopata kuzijua, hicho ndicho zinachouza. Ndiyo maana mimi hupima timu ya chini kwa jambo moja tu: nahodha anagawaje mchezo.

Nahodha wetu ni mwalimu wa hesabu, Msoga aliyesoma Busoga College Mwiri, shule ambako kriketi ina mizizi ya miaka mingi. Sisi humwita Mwalimu tu. Ana daftari la shule la kurasa 48, na humo kila mchezaji ana mstari wake: mipira aliyorushiwa, ova (zamu za mipira sita) alizorusha, Jumapili alizokaa benchi. Kanuni yake haina undugu. Ukipiga miongoni mwa wanne wa mwanzo wiki hii, wiki ijayo unashuka hadi chini ya namba saba. Ukimaliza mechi hujapiga wala hujarusha, mechi inayofuata wewe ndiye unayefungua, yaani unayeanza kupiga. Orodha inatumwa kwenye kundi la simu Alhamisi jioni, na ikishatumwa haiguswi.

Mwanzoni watu walinuna. Tulikuwa na kijana wa benki, mpigaji safi kweli, aliyepata mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) zaidi ya 60 mechi ya kwanza akajikuta namba nane mechi ya pili. Alikuja kwa adabu zake zote. "Mwalimu, samahani, hivi timu inataka kushinda au haitaki?" Mwalimu alikuwa anafunga kamba za viatu, hata kichwa hakuinua. "Wewe ni mzuri, ndugu yangu. Wazuri wana timu mbili huko juu. Panda." Kijana akapanda kweli, anachezea timu ya pili hadi leo na wala hawana ugomvi. Nafasi yake ilimwendea mfamasia mmoja wa mjini ambaye tangu aanze kucheza hakuwahi kuupiga mpira ukafika mpakani. Katikati ya msimu akaupiga mmoja. Ulimgonga kwenye ukingo wa gongo, ukapita katikati ya watu wawili waliokuwa wakiachiana, ukateleza hadi kwenye kamba. Alisimama pale na mikono kiunoni akiutazama, mpaka mwenzake wa upande wa pili akamkumbusha kwamba mipira ya ova bado haijaisha.

Kwa mtindo huo tunashindwa mara nyingi kuliko tunavyoshinda. Anayetaka vikombe hapa si mahali pake, na namwambia mapema asije akalalamika.

Begi la timu linastahili kusemwa. Pedi ni jozi tatu. Mbili nzima, ya tatu kifungo chake kilikatika zamani kikafungwa kwa ukanda wa tyubu ya pikipiki, ule ule watu wa boda wanaofungia magunia. Ukikimbia kwa kasi ukanda unajiviringisha na kukufinya nyuma ya goti, ukifika nyumbani alama bado ipo. Helmeti ni mbili. Moja ni ya kichwa cha mtoto. Ya pili sifongo yake ya ndani imegeuka rangi ya chai, na kwa kuwa wapigaji hupokezana, unaivaa ikiwa bado na joto na jasho la aliyetolewa, naye anapokukabidhi hana furaha hata kidogo. Klabu iliahidi begi jipya mwanzoni mwa msimu. Begi jipya lilikuja, nililiona kwa macho yangu, likaenda timu ya kwanza. Lao la zamani likaenda timu ya pili. La timu ya pili sijui liliishia wapi, kwetu halikufika.

Mazoezi ni Jumatano. Timu ya kwanza inaingia kwenye neti saa kumi jioni, ya pili inafuata, na sisi zamu yetu ni saa kumi na mbili na robo. Kampala ikifika saa moja mpira mwekundu huuoni tena. Dakika kama arobaini basi, watu zaidi ya kumi, neti moja, na zulia lake lina tundu pale pale mpira unapodunda. Wenye akili huwahi kutoka kazini na kujitolea kuwarushia mpira timu ya kwanza. Unatumikishwa, lakini unajifunza.

Ukija utashangaa jinsi tulivyojaa watu wa makamo wanaorusha mipira ya polepole ya kuzungusha. Sababu ni Frank Nsubuga wa Cricket Cranes, timu ya taifa ya Uganda. Tarehe 5 Juni 2024, uwanja wa Providence kule Guyana, mtu huyu akiwa na miaka 43 alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili, yaani aliwatoa wapigaji wawili. Wapinzani walitolewa kwa 77, Cricket Cranes wakashinda wakiwa na wiketi tatu mkononi, ushindi wa kwanza wa Uganda kwenye Kombe la Dunia la wakubwa. Hakuna aliyekuwa amewahi kumaliza ova nne kwenye mashindano yale ya T20, ya ova ishirini kwa kila timu, kwa uchache huo kabla yake, na hakuna aliyempita mpaka siku chache baadaye Lockie Ferguson wa New Zealand alipowarushia Papua hao hao ova nne bila kutoa hata mkimbio mmoja. Habari ya Ferguson huku haisimuliwi sana. Ya Nsubuga imewaponza wengi: tangu siku ile kila mwenye mvi klabuni ni spina, na Mwalimu anapouliza nani ataanza kwa mipira ya kasi, watu wanatazama viatu vyao.

Mimi Mkenya nimeteseka zaidi. Sisi tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, tukatolewa na India pale Durban, na tangu hapo tunakula kumbukumbu. Waganda wakaja wakailaza Zimbabwe kule Windhoek mwezi Novemba 2023, wakafuzu, sisi tukabaki nje. Mlinda wiketi wetu, adakaye nyuma ya nguzo, ni polisi wa kambini Naguru, Kiswahili chake ni cha amri tupu, na kila nikiuachia mpira hupaza sauti uwanja mzima usikie: "Nusu fainali!" Nami nina dawa yake. Hao Cranes wake walitolewa na West Indies kwa mikimbio 39, na New Zealand wakawatoa kwa 40. Siku timu yetu ilipoanguka yote kwa 41, Mwalimu alitukusanya kwa uso mkavu akasema tumeandika historia, tumewapita wote wawili.

Anayeandika alama ni mzee wa Kihindi tunayemwita Mjomba. Aliondoka nchi hii mtoto mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, akarudi miaka ya 90. Kiswahili chake ni cha dukani, cha kabla hatujazaliwa, kinapendeza kukisikia. Ana kalamu za rangi nne na hamruhusu mtu kuzigusa. Mvua ikisimamisha mechi ndiyo saa yake. Hukueleza jinsi viwanja vilivyobaki vitupu baada ya mwaka ule, wachezaji na wafadhili wamepandishwa ndege kwa pamoja. Hukueleza timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza la wanaume Uingereza 1975, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wakiwa kitu kimoja, na Waganda John Nagenda na Sam Walusimbi ndani yake. Ilipoteza mechi zote tatu. Mjomba hulitaja hilo kwa fahari ambayo sijaweza kuielewa vizuri, kisha anakumiminia chai. Kwangu mimi nusu ya nyota moja kati ya zile nne ni ya mzee huyu.

Mechi moja niieleze kidogo, maana ndiyo iliyonifanya niamue kuandika. Tulicheza Kyambogo na vijana wa chuo, wepesi wote, wanaruka kudaka mipira ambayo sisi tungeisindikiza kwa macho. Walipata 118. Sisi tukajikongoja hadi 113, wiketi tisa zimeanguka, zimebaki ova mbili. Ndani yuko mfamasia pamoja na kijana mmoja wa boda ambaye hutuletea pikipiki yake hadi ukingoni na kuiegesha anakoiona. Wingu limeshakaa upande wa ziwa, jeusi.

Kwenye madaraja ya chini mwamuzi wa kulipwa mara nyingi hapatikani, kwa hiyo timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi. Ukilifikiria vizuri ni jambo la hatari. Mtu anatakiwa amhukumu rafiki yake ambaye baadaye atampa lifti. Rufaa za mguu mbele ya wiketi, yaani mpira kumgonga mpigaji mguuni ukielekea nguzoni, kwa mfano, timu nyingi hazipewi kabisa mpaka mpira uwe umemgonga mtu kwenye kidole gumba akiwa amesimama mbele ya nguzo ya kati, na hata hapo mwamuzi hujifanya anafikiri. Siku ile aliyekuwa amesimama pale ni Mwalimu mwenyewe, ameshatolewa zamani, amevaa koti jeupe la maabara ya shule yao.

Kijana wa boda akaupiga mpira juu, upande wa kushoto, hakuna mtu. Ukadunda, ukaviringika, ukaenda kusimama miguuni mwa kaloli. Wa Kampala mnawajua ndege hawa, wanatembea mjini wakiwa na shingo tupu na mdomo wa kupasulia mifupa, hawamwogopi mtu wala gari. Alikuwa ameingia uwanjani tangu saa sita na hakuna aliyejali. Mlinzi wa upande ule akafika mbio, akasita. Akanyoosha mguu kuuvuta mpira, kaloli akafungua mabawa. Huku nyuma sisi tunapiga kelele, mfamasia na mwenzake wamekimbia mara moja, mara mbili, wakamaliza ya tatu. 116. Benchi lote limesimama.

Mwalimu akapunga mikono na kusema mpira umekufa.

Hakuna aliyeamini. Lakini sheria ndivyo ilivyo. MCC, klabu ya London inayotunza sheria za kriketi, walipozirekebisha mwaka 2022 waliandika kwamba mnyama au kitu chochote kikiingilia na kuipa hasara timu mojawapo, mwamuzi atangaze mpira umekufa, naye Mwalimu akaifuta mikimbio yetu yote mitatu. Sheria hiyo alikuwa ameisoma. Vijana wa chuo hawakuijua, wala wasingedai. Tukarudi 113, tukapata mitatu mingine ya kuokoteza, kisha nguzo ya mfamasia ikang'olewa. 116. Tumeshindwa kwa miwili. Mjomba alikaa na daftari lake mapajani, akachukua penseli badala ya kalamu, na pembeni kabisa ya ukurasa akaandika kwa herufi ndogo: kaloli 3. Ndani ya gari kurudi mjini ilikuwa kimya mpaka Nakawa, ndipo yule polisi akasema, "Mwalimu, wewe ungekuwa jeshini wangekupenda sana," tukacheka hadi taa za Lugogo.

Lugogo kwenyewe, kwa wanaouliza, ule uwanja mkuu, timu ya tatu huupita tu. Tunaingia kutazama wengine wakicheza, na tunaokota mipira. Entebbe tulipangiwa, na huko hata ukishindwa hujutii nauli: upepo wa ziwa unaushika mpira wa polepole na kuupeleka unakotaka wenyewe, maspina wetu wote waliota siku moja kuwa Nsubuga. Barabara ya haraka ya Entebbe inalipiwa 5,000 kwa gari dogo, mnachangishana. Safari ya Jinja ni ndefu na foleni ya kutoka mjini inakula asubuhi yako, lakini mkirudi mnasimama Namawojjolo, vijana wanakimbilia madirishani na kuku wa vijiti na gonja, ndizi za kuchoma, za moto, na hapo hata aliyetoka bila mkimbio anarudiwa na sauti. Chai ya klabu yenyewe ni ya kawaida. Sambusa huwa za jana.

Jambo moja la heshima nilitaje. Ramadhani iliangukia mwanzoni mwa msimu, nusu ya timu tumefunga. Mwalimu akaomba mechi zetu zianze mapema, saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, na akatupanga tupige kwanza. Wenzetu Wahindu na Wakristo walikuwa wakinywa maji nyuma ya gari. Hakuna aliyewaomba.

Sasa nyota mbili za klabu, na kwa nini si tatu. Mwezi wa mwisho wa msimu tulikuwa wa pili kutoka chini, na tukishindwa mechi ya mwisho tunashuka daraja. Kwetu sisi hilo lilikuwa jambo dogo, kaloli wako kila daraja. Kwa kamati lilikuwa aibu. Jumamosi usiku Mwalimu akapigiwa simu: kesho wanashuka wanne wa timu ya kwanza kuja "kusaidia". Orodha iliyokuwa imeshatumwa Alhamisi ikaguswa. Wanne wetu wakaambiwa wapumzike, mmoja wao ni mfamasia, ambaye kwa mujibu wa daftari la kurasa 48 ndiye aliyekuwa afungue. Alikuwa ameshanunua pedi zake mwenyewe.

Mimi nilibakizwa, nikawa namba 11. Tulianza kurusha sisi. Vijana wale wanne waligawana karibu ova zote, wapinzani wakatolewa kwa mikimbio 64. Kisha wawili kati yao wakaingia kupiga, na baada ya ova tisa mechi imekwisha. Nilisimama mpakani chini ya jua, mpira ulinijia mara moja, ukanipita. Tulishinda, tukabaki kwenye daraja, kamati ikapiga picha. Vijana wenyewe sina neno nao, mmoja alikuja akaniambia, "Mzee, samahani, tumekula mchezo wenu." Hilo ndilo neno lenyewe. Nililipa ada ya mwaka kununua mchezo, siku mchezo ulipopata thamani mbele ya wakubwa wakauchukua wakaula wao.

Mwalimu hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata aliwapelekea barua ya ukurasa mmoja, ina jedwali, nani alilipa kiasi gani na nani alicheza mipira mingapi. Nasikia ilisomwa kikaoni na mtu mmoja akasema hesabu ni sahihi. Hakuna kilichofuata.

Nyota mbili walizonazo ni za haki. Viwanja hulipiwa kwa wakati, hatujawahi kufungiwa geti, na mtunza uwanja wao wa mazoezi ni fundi, nyasi zake unaweza kulala. Nusu nyota nyingine ningewapa kama wangekuwa na timu ya wanawake. Nchi ina Victoria Pearls, timu ya taifa ya wanawake, wanaozunguka Afrika nzima wakicheza, halafu dada zetu wakija klabuni wanaonyeshwa jiko la chai.

Kwa hiyo, wewe uliyeniuliza pale harusini Old Kampala: njoo. Njoo Jumatano, usimtafute mtu wa ofisini, mtafute Mwalimu kwenye neti ya mwisho giza likianza kuingia. Atakuandika jina kwenye daftari kabla hajakuuliza unajua nini. Leta viatu vyenye meno, leta helmeti yako ukiweza, na kile kikombe. Ukiwa na umri chini ya miaka 25 na una kipaji, usije kwetu, nenda moja kwa moja timu ya pili, utatuchelewesha na sisi tutakuchelewesha. Na kabla ya kutuma ada kwa simu, waulize kamati swali moja, tena kwa maandishi: orodha ya Alhamisi ni ya nani?

Mimi ya mwaka ujao nimeshalipa fungu la kwanza. Zile 15,000 za mechi ya mwisho sijalipa. Mweka hazina ananikumbusha kila mwisho wa mwezi, akianza na "Shikamoo mzee", nami namjibu marahaba, kisha namwomba anitumie idadi ya mipira niliyocheza siku ile.